Kovu la Fuawe

Watu wengine wakikasirika huvunja vyombo. Dada Masjala yeye hunyamaza, tena kwa adabu, huku akitabasamu nusu, mpaka asiyemjua anaweza kuapa kwamba yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha. Yalikuwa na umri wa miaka minane, na kila mwezi yaliongezewa mkaa.

Jina hilo si la kuzaliwa. Alipewa na wanachama wenzake wa Nyundo za Jumamosi, kwa sababu siku tano za wiki alikuwa karani wa masjala ya hospitali, katika chumba kirefu kisicho na dirisha, akitafuta mafaili ya wagonjwa waliopoteza kadi zao na kumlaumu yeye. Jumamosi alivaa ovaroli ya marehemu baba yake, akakunja mikono yake mara tatu, akafunga kitambaa kichwani, akawa mhunzi. Hakulipwa, na hakuna aliyelipwa katika kikundi kile. Walikuwa watu kumi na wanne waliopenda chuma kama wengine wanavyopenda mpira. Kulikuwa na Mwenyekiti, mwenye shule ya udereva na yadi iliyo nyuma yake. Kulikuwa na Daktari wa Meno, mtu mpole kupita kiasi. Kulikuwa na muuza magodoro, na mwalimu wa hesabu, na wengine wa namna hiyo, ambao mikono yao ilianza kuota sugu wakati vichwa vimeshaota mvi.

Katikati ya wiki walikutana kwenye simu. Mtu akifua ndoano ya kutundikia kofia, anaipiga picha pande zote nne juu ya kitambaa cheupe, anairusha kwenye kikundi, na vidole gumba vinamiminika. Muuza magodoro aliwahi kufua kisu kutokana na tupa kuukuu, kikatoka kimepinda kama ndizi, akaandika kwamba kisu hicho ni maalumu kwa watu wa mkono wa kushoto. Alipata vidole gumba kumi na viwili. Dada Masjala alituma vyombo vyake vikiwa vyeusi vilevile kama vilivyotoka motoni, vimelala juu ya gunia. Alipata vidole viwili, na kimoja kilikuwa cha kaka yake.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi walikutana yadini, kila mtu akaweka mezani alichofua na kukieleza: chuma amekitoa wapi, kimemsumbua wapi. Hapo ndipo masihara yalipoanza.

"Dada Masjala, hiyo patasi umeifua au umeichimbua?"

"Inakata," alijibu.

"Lakini iogeshe basi, mama. Hata maiti huogeshwa."

"Inakata," alirudia, na hakuongeza neno. Baba yake alimfundisha kwamba ule weusi wa motoni ni ngozi ya chuma, unakikinga na kutu, na kwamba anayetaka kujiangalia usoni anunue kioo. Alikuwa mkaidi katika hilo, na sitamtetea. Lakini ukaidi si kosa la kumnyang'anya mtu mali yake.

Maana alinyang'anywa. Tuseme wazi.

Baba yake alikuwa mhunzi wa kweli, aliyelea familia kwa majembe, bawaba na visu vya jikoni. Katikati ya karakana yake, juu ya gogo, lilikaa fuawe, bonge la chuma lenye pembe moja kama ya kifaru, ambalo juu yake chuma cha moto hulazwa na kupigwa. Lilikuwa na uzito wa kilo tisini. Binti alipokuwa na miaka kumi na mmoja, baba alitoka mlangoni kuzungumza na mteja, naye akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Akanyanyua nyundo kubwa, akaishusha kwenye ukingo wa fuawe tupu, chuma baridi kwa chuma baridi. Kipande cha ukubwa wa kucha kikaruka, kikapiga bati la paa. Mtoto akabaki ameduwaa, anangoja kipigo. Baba akarudi, akapitisha dole gumba kwenye ule mwanya, akapitisha tena.

"Basi," akasema, "umeshatia saini. Siku nikimaliza kazi, fuawe hili ni lako."

Shahidi alikuwa mmoja tu. Kaka yake mkubwa alikuwa kwenye pembe ya karakana akivuta mivukuto, ile mifuko ya ngozi inayopuliza moto. Kaka hakupenda nyundo, alikuwa akiogopa cheche, ndiyo maana baba alimweka kule. "Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta," baba alikuwa akimwambia, yaani asiyefua avute mivukuto, na kaka alikuwa akichukia methali ile kuliko cheche zenyewe.

Miaka ikapita, baba akafariki. Mama akaugua muda mfupi baadaye, na binti ndiye aliyemsindikiza kwenye hospitali ya mji mwingine, akalala wiki sita juu ya mkeka kando ya kitanda cha mgonjwa. Aliporudi, alikuta karakana imefagiliwa. Makoleo yalikuwapo, nyundo zilikuwapo, mivukuto ilikuwapo kwa kuwa hakuna aliyeitaka. Gogo na fuawe havikuwapo. Pale vilipokaa miaka thelathini palibaki duara jeupe sakafuni.

"Nimelitoa kwa kikundi," kaka alimwambia, amechangamka kabisa. "Tumeanzisha kikundi cha wapenda uhunzi, mimi ndiye katibu. Lingekaa hapa likashika kutu. Na wewe una mambo mengi, dada yangu, nimekuondolea mzigo."

Amemwondolea mzigo! Nani alimwambia ni mzigo? Hata picha ya makabidhiano ilikuwapo: kaka amevaa tai, anapeana mkono na Mwenyekiti, na fuawe la baba katikati yao limefungwa utepe mwekundu kama zawadi ya harusi. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Sawa. Lakini walikuwa wakimwonya asiyekuwapo. Hawakuwa wakimpa ruhusa aliyepo agawe vya watu.

Utauliza kwa nini hakusema siku ileile. Mama alikuwa kitandani, na ugomvi wa wanawe ungemmaliza. Alipofariki, ilikuwa imeshapita miezi. Baadaye ikawa imeshapita mwaka, na mtu akidai kitu baada ya mwaka huonekana mchokozi. Tena kaka ni kaka, na mambo ya ndani hayaanikwi uani. Kwa hiyo alifanya jambo moja tu lililobaki. Alijiunga na kikundi.

Kikundi kilikuwa na desturi yake. Fuawe lile, ambalo ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote waliyokuwa nayo, lilikaa nyumbani kwa mwanachama mmoja kwa mwaka mzima. Kila mwaka kulikuwa na siku ya jaribio. Ijumaa mchana kila mtu alikabidhi chombo kimoja kwa Katibu, kikafungiwa stoo, ili pasiwe na mtu wa kukirekebisha tena. Jumamosi kila chombo kilijaribiwa kwa kazi yake: kisu kikate kamba, shoka lipige fundo la gogo kavu mara kumi. Makali yakimeguka au yakikunjika, umetoka. Wakibaki wawili au watatu, wanachama walipiga kura kwa sura ya chombo, na mshindi ndiye aliyelichukua fuawe.

Na hapo ndipo alipokuwa akiuawa. Miaka minne mfululizo chombo chake kilipita jaribio, na miaka minne mfululizo kilishindwa kura na kitu kinachong'aa. Mwaka mmoja kilishindwa na kisu cha Mwenyekiti chenye mpini wa pembe. Mwaka mwingine na kifungulio cha chupa. Fuawe la baba yake likapelekwa nyumbani kwa mwalimu wa hesabu, ambaye alilitumia kuegemeza baiskeli. Dada Masjala mwenyewe alikuwa akifua juu ya kipande cha reli, ambacho kila kikipigwa huruka kama chura, na majirani wakagonga ukuta.

Mwaka huu alifua shoka. Alilitoa kwenye springi ya lori, Jumamosi sita nzima, juu ya ile reli. Kufua si kazi, kazi ni ugumu wa makali. Chuma ukikizamisha kwenye mafuta kikiwa chekundu, kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama sahani. Basi unakipasha tena pole pole, na unakodoa macho, kwa maana rangi zinaanza kutambaa kuelekea kwenye makali: kwanza manjano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau, halafu bluu. Shoka lake alilisimamisha kwenye kahawia. Ukiruhusu bluu ifike, makali yamelegea. Hayavunjiki, lakini hayafai, yanakunjika tu. Hilo mtoto wa mhunzi analijua kabla hajajua kusoma.

Alhamisi alipitisha tupa, kile chuma chenye meno cha kunolea, kwenye makali ili kupima ugumu wake; makali laini huliwa na tupa. Tupa iliteleza kama juu ya kioo, haikuacha hata mkwaruzo. Alicheka peke yake jikoni. Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, alilifunga kwenye gazeti, akalipeleka yadini, akalikabidhi mikononi mwa Katibu, kaka yake wa baba mmoja na mama mmoja.

"Jeusi vilevile," kaka alisema, akilifungua pembe moja ya gazeti.

"Vilevile."

"Dada, kwani likipendeza utapungukiwa nini?"

"Litapita, kaka. Liandike kwenye daftari lako uniache nirudi kazini."

Jumamosi asubuhi yadi ilikuwa imejaa. Meza ilifunikwa shuka, chini yake vyombo kumi na vinne. Mwenyekiti alitoa hotuba yake ya kila mwaka, ndefu kama somo la alama za barabarani, kisha akavuta shuka.

Dada Masjala alitafuta shoka lake na hakuliona. Aliona shoka la mtu mwingine, jeupe, linang'aa kuliko vyote mezani. Alipolikaribia aliona pua yake mwenyewe ndani yake. Mpini ulikuwa wake. Kaka yake, upande wa pili wa meza, alimkonyeza.

Alimwendea, akamvuta pembeni.

"Kaka, shoka langu limefanywa nini?"

"Nimelipitisha msasa kidogo. Jana jioni nzima nimekaa nalo." Kaka alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeleta habari ya mtoto aliyezaliwa. "Mwaka huu hawana la kusema. Usinishukuru."

"Nani alikwambia ulipitishe msasa?"

"Jamani, dada. Ni msasa tu. Unataka fuawe au hutaki?"

Mtu akuulize hivyo, aliyeligawa yeye! Angejibu, na jibu alikuwa nalo la miaka minane. Lakini nyuma yake alisikia watu wamelizunguka shoka. "Alaa! Kumbe anaweza," mmoja alisema. Muuza magodoro alipiga mluzi. Daktari wa Meno aliinama na miwani yake, akasema ni kazi safi sana. Na ukweli usemwe, hata kama unamchoma: Dada Masjala alifurahi. Mara ya kwanza katika miaka yote ile walikuwa wakisifu kitu chake, na furaha ile ndogo ikamziba mdomo. Akaacha lipite.

"Dada Masjala!" Mwenyekiti aliita. "Shoka, gogoni!"

Mikwaju mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri, vibanzi vikaruka. Wa nne ulitua kwenye fundo, na sauti haikuwa yake. Mhunzi hulijua shoka kwa sauti kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Wa tano, wa sita. Mkono wake ulikuwa umeshajua, lakini sheria ni kumi, akamaliza kumi. Mwenyekiti alilichukua shoka, akaligeuza juani, na akalinyanyua watu waone. Makali yalikuwa yamejikunja katikati kama pembe ya ukurasa wa daftari.

Walicheka. Si wote, lakini wa kutosha.

"Hilo ni la kukatia siagi!" muuza magodoro alisema.

"Ndiyo maana akina mama tunawashauri waanze na ndoano," Mwenyekiti akasema, kwa sauti ya mtu mwenye huruma.

Mwalimu wa hesabu alimsogelea, akamshika bega. "Usijali, dada. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo halikuvunjika, Mwalimu," alisema. "Limevunjwa." Akauondoa ule mkono begani.

Alilichukua shoka kutoka kwa Mwenyekiti bila kuomba. Akatoa tupa mfukoni mwa ovaroli, akaipitisha kwenye makali. Tupa iliuma. Ilikula chuma kama inavyokula madini laini ya risasi. Alhamisi imeteleza, Jumamosi inauma, kati yake shoka limekaa stoo. Akaligeuza huku na huku juani, mpaka akaona alichokuwa akikitafuta. Kwenye kona ya chini ya bapa la shoka, mahali ambapo msasa haukufika, kulikuwa na ukanda mwembamba wa bluu.

Alihisi masikio yanawaka. Msasa wa mkono hauleti bluu, hata ukisugua mwaka mzima. Bluu inaletwa na moto, au na lile jiwe la kunolea la umeme linalozunguka, ukililazia chuma kavu kavu bila kukichovya majini. Na jiwe hilo lilikuwa ndani ya stoo, hatua nne kutoka kwenye rafu ya Katibu.

"Kaka," alisema, na safari hii hakumvuta pembeni. "Ulisema msasa. Wa mkono, au wa mashine?"

Kila mtu pale alijua maana ya swali. Katibu ndiye aliyepewa ufunguo ili vitu visiguswe.

Kaka alitazama daftari lake. Alilitazama kwa makini, kama jibu limeandikwa mle.

"Wa mkono," akasema.

Akasema hivyo, mchana kweupe, mbele ya watu kumi na wawili na dada yake. Nikifika hapo huwa natamani ningekuwapo na ile nyundo kubwa.

"Katibu ni mtu wa kuaminika," Mwenyekiti alisema, akikunjua karatasi ya ratiba. "Labda moto ulikuzidi kidogo, dada. Inatokea."

"Moto haujawahi kunizidi."

"Inatokea kwa kila mtu. Tuendelee."

Wakaendelea. Hilo ndilo lililomuuma, urahisi wa kuendelea kwao. Kisu kilikata kamba, tindo likameguka, mwisho wakabaki wawili, na kura zikamwangukia Daktari wa Meno kwa mkasi wake wa kupogolea maua, uliong'aa kama vyombo vya kliniki yake. Wakampigia makofi. Fuawe lilikuwa pale kando, juu ya gogo lake, limeshafungwa utepe. Wanaume wanne walizungusha kamba ili walinyanyue, na mmoja wa wale wanne, amelegeza tai na kukunja mikono ya shati, alikuwa kaka.

Dada Masjala alikwenda akaweka kiganja juu ya fuawe. Hakulikalia, hakulikumbatia. Aliweka kiganja tu, lakini wale wanne wakaacha kuvuta.

"Sikuulizi tena habari ya shoka," alimwambia kaka yake. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kaunta ya masjala, ya kumwambia mtu faili lake halipo. "Shoka nitafua jingine. Nakuuliza hili." Akaweka kidole kwenye ule mwanya wa ukingoni, ambao kwa miaka minane wanachama walidhani ni uzee wa chuma. "Hili kovu limetoka wapi?"

Kaka alianza kukaza upya fundo la kamba.

"Mambo ya familia, dada, labda baadaye," Mwenyekiti akaanza.

"Baadaye nimeingoja miaka minane, Mwenyekiti. Kaa." Mwenyekiti hakuwa na kiti karibu, lakini akarudi nyuma hatua mbili. "Kaka, nani alilipiga? Na Baba alisema nini? Ukisema hujui, nitauondoa mkono wangu sasa hivi, mlipeleke kwa Daktari, na mimi na wewe tumemalizana. Si kwa leo tu. Kabisa."

Watu walisikia lori likirudi nyuma upande wa barabara. Kaka alishika ile kamba kama mtu anayeshikilia mlango wa gari linalokwenda. Alimtazama dada yake, akatazama ovaroli ya baba yao iliyokunjwa mikono mara tatu, na uso wake ukabadilika, ule uso wa katibu ukamtoka.

"Alilipiga yeye," alisema. "Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Tukadhani Baba atamchapa. Baba akasema ameshatia saini, akimaliza kazi fuawe ni lake."

"Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwapo." Alimeza mate. "Nilikuwa navukuta."

Hakuna aliyecheka. Kaka aliiachia kamba, na sasa alipokuwa ameanza hakuweza kuacha.

"Na shoka ni mashine. Nilitaka ushinde, dada, haki ya Mungu. Nililiweka kwenye jiwe. Nikaona linabadilika rangi, nikaona... nikaona linapendeza."

Mtoto wa mhunzi, amelelewa kando ya moto, ameona bluu inatambaa kwenye makali, na akaona inapendeza! Dada Masjala akajua basi kwamba kaka yake, miaka yote ile kwenye ile pembe, alikuwa akiutazama ukuta.

"Mara mbili umenisaidia, kaka," alisema hatimaye. "Mara ya kwanza uliniondolea mzigo. Mara ya pili umenipambia shoka. Na mara zote mbili hukufungua mdomo kuniuliza. Ningekuwa adui yako ungenifanyia nini zaidi?"

Mwenyekiti alikohoa. Alikuwa mtu wa taratibu, na taratibu zilikuwa zimemkimbia. "Hata hivyo, kwenye kumbukumbu za kikundi, fuawe lilitolewa. Imeandikwa."

"Kumbukumbu niliandika mimi," kaka alisema, bila kumtazama. "Niliandika 'fuawe langu'. Halikuwa langu."

Daktari wa Meno alivua miwani, akaifuta kwa pembe ya shati. "Kwa kweli, hata mgongo wangu hauliwezi," alisema kwa upole wake. "Chukua, dada. Mimi nakuachia kwa moyo mweupe."

"Asante, Daktari, lakini huniachii," alisema. "Ulichoshinda ni makofi, na makofi ni yako, mkasi wako mzuri. Hili nalichukua kwa kuwa ni langu. Naomba lisiandikwe kwamba nimepewa."

Wapo walioguna. Mmoja alisema mwanamke huyu ana kiburi, na mimi nasema kama kudai chako ni kiburi, basi unyenyekevu ni jina lingine la kuibiwa. Hakungoja kikao. Alifungua ule utepe mwekundu, akaukunja, akautia mfukoni mwa Mwenyekiti, kisha akamgeukia kaka yake.

"Shika upande ule."

Walilibeba wanne pamoja na gogo lake, likalala juu ya godoro kuukuu nyuma ya pikapu ya muuza magodoro. Yeye ndiye aliyejitolea, kwa aibu ya ule utani wa siagi. Njiani Dada Masjala alikaa nyuma na fuawe, mkono mmoja juu ya pembe yake, na kaka alikaa upande wa pili akishikilia daftari lake lisipeperuke.

Karakanani lile duara jeupe lilikuwa bado lipo. Gogo likaingia ndani yake kama mguu kwenye kiatu cha zamani. Muuza magodoro alipewa maji ya kunywa, akaaga haraka.

Dada Masjala aliwasha moto palepale. Hakusema amesamehe, kwa sababu hakuwa amesamehe, na si mtu wa kusema uongo ili chumba kipate kupumua. Alikaza fundo la kitambaa chake, akalishika lile shoka lililokunjika kwa koleo, akalitia kwenye mkaa. Alijua kazi iliyokuwa mbele yake: kuyafua makali upya, kuyazamisha, kuyarudisha kwenye kahawia, na Jumamosi sita nyingine zikihitajika, basi sita.

Kaka alikuwa bado amesimama mlangoni, tai mkononi, hajui aingie au aondoke. Aliitazama nyundo. Akaitazama mikono yake. Kisha akasema maneno ambayo miaka minane hakuwahi kuyasema, wala kwa fuawe, wala kwa shoka.

"Dada, nikusaidie nini?"

Dada Masjala alimwacha asimame na swali lake mpaka likamkaa vizuri. Halafu akanyoosha koleo kuelekea pembeni, kule kwenye mivukuto yenye vumbi ambayo hakuna aliyeitaka.

"Vukuta," akasema. "Na usiguse kitu kingine."